Ndagala au Dagaa? Historia ya Meza ya Samaki Ukingoni mwa Ziwa Tanganyika

Makala haya yalianzia mezani, si maktabani. Mwishoni mwa muhula mmoja, miaka kadhaa kabla ya ziwa kufura na kuingia majumbani mwa watu, tulikuwa tumemaliza kuhakiki mitihani pamoja na mtahini wetu wa nje, mwalimu wa siku nyingi, mzaliwa wa pwani ya Tanzania. Mgeni haagwi na njaa. Jioni tukamchukua hadi kwenye mgahawa mmoja wa samaki ulioko ufukoni hapa Bujumbura, meza zikiwa juu ya mchanga, hatua ishirini hivi kutoka majini, na milima ya Uvira ng'ambo ikianza kuwa myeusi.

Mhudumu, kijana wa Buyenzi kwa lafudhi yake, alileta karatasi ya vyakula iliyoandikwa Kifaransa kitupu. Hatukuihitaji. "Karibuni bazee," alisema. "Mukeke iko, ndagala iko. Sangala leo hapana." Mgeni wetu akauliza ndagala ni nini. Tukamjibu karibu kwa pamoja, tena kwa haya kidogo: "Ni dagaa, Mwalimu. Vijana wa hapa hawasemi sanifu." Akatutazama, akacheka, akasema: "Kumbe ndiyo maana mmemkata yule binti alama mbili."

Hatuna budi kueleza. Katika mtihani wa utungaji mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, mwenyeji wa Rumonge, alikuwa ameandika kuhusu chakula cha kwao: ugali wa muhogo, lengalenga, na ndagala waliopikwa kwa mawese. Sisi tulilipigia neno "ndagala" mstari mwekundu, tukaandika pembeni "dagaa". Alipotaja mukeke, tukaandika "Kiswahili tafadhali". Mtahini wetu alikuwa amezungushia masahihisho yetu duara kwa penseli bila ya kusema lolote. Alisubiri tukae mezani.

Ubishi uliofuata ulidumu hadi samaki wakapoa. Tulirudi nyumbani bila ya kukubaliana, lakini tangu siku hiyo tumekuwa tukiifuatilia historia ya meza ile: nani alikula nini ukingoni mwa ziwa hili, nani alipika, na maneno yaliyopita kati ya jikoni na meza yalikuwa ya lugha gani. Tunawaletea wasomaji wetu tuliyoyapata, kwa kuwa jambo hili linawagusa walimu wote wa Kiswahili walio mbali na bahari.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake kinafikia karibu mita 1,470. Nchi nne zinalizunguka: Burundi, Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Samaki wake wengi hawapatikani mahali pengine popote duniani. Hata hivyo, wanaoilisha mikoa yake ni wachache. Kuna ndagala, ambao kwa hakika ni aina mbili za samaki wadogo wa jamii ya sadini. Kuna mukeke, samaki mwembamba wa rangi ya fedha anayewafukuza ndagala hao usiku na mchana. Na kuna sangala, ndugu wakubwa wa mukeke. Mtu akikaa mgahawani Bujumbura akala mukeke, amekula ndagala pia, ila wamepitia tumbo la mwingine.

Watu wa kandokando ya ziwa walivua ndagala kwa moto tangu zamani sana. Usiku wa giza waliwasha matete au kuni juu ya mtumbwi, samaki wakaufuata mwanga, nao wakawachota kwa wavu wa mpini mrefu uitwao lusenga. Biashara ya samaki waliokaushwa ilikuwapo kabla ya mgeni yeyote kufika. Burton na Speke walipoingia Ujiji mwezi wa Februari 1858, walikuta soko lenye samaki, chumvi, mafuta ya mawese, pembe na watumwa, na Burton aliandika habari za soko hilo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860. Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimekwisha fika pale. Kilifika kwa misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili pamoja na wapagazi wao, na kutoka Ujiji kikavuka kwa mitumbwi hadi upande wa Kongo na kupanda kaskazini hadi tunapokaa sasa. Livingstone na Stanley walipokuja kuutazama mto Rusizi mwishoni mwa mwaka 1871, ili wajue kama unaingia ziwani au unatoka (unaingia), waliongozana na watu wa namna hiyo hiyo.

Ni nani basi aliyekula na nani mwanzoni? Msafara ulipotua Ujiji, waungwana wa pwani walikula wali uliolimwa palepale, lakini kitoweo kilitoka ziwani. Hapakuwa na nguru wala changu. Mpishi wa pwani alilazimika kujifunza jina la samaki aliye mbele yake kutoka kwa mvuvi aliyemleta, na mvuvi naye akajifunza maneno ya bei, ya mizani na ya adabu kutoka kwa mpishi. Kwa maoni yetu hapa ndipo neno kama ndagala, mukeke au mgebuka lilipoingia katika Kiswahili cha ziwani: sokoni na jikoni, kwa mdomo wa watu waliokuwa na njaa. Halikuingizwa na wanafunzi wavivu wa karne ya 21.

Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, na kama ilivyokuwa katika koloni lao lote, walitumia Kiswahili katika utawala. Askari, makarani na wafanyabiashara waliokuja nao walikaa karibu na maji. Wabelgiji walipouchukua mji mwaka 1916 na baadaye kuufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi, Kifaransa kilipanda ngazi na Kiswahili kikasukumwa kwenye mitaa ya Waafrika, hasa Buyenzi. Ufuko wenyewe ukawa wa Wazungu: mashua za tanga, viti vya kuotea jua, meza zenye vitambaa vyeupe. Mwafrika alifika pale akiwa mpishi, mhudumu au mlinzi. Kwa hiyo samaki mmoja alikuwa na majina matatu kabla ya kuliwa. Mvuvi alimleta kwa jina la ziwani, jikoni akazungumzwa kwa Kiswahili cha Buyenzi, na mezani akafika kwa Kifaransa. Ile karatasi tuliyoletewa na kijana wetu ni urithi wa mpangilio huo. Hata leo, katika migahawa mingi ya ufukoni, lugha ya karatasi si lugha ya jikoni.

Miaka ya 1950 ilileta mageuzi makubwa. Wagiriki waliokuwa wakiishi Usumbura walianzisha uvuvi wa meli zenye nyavu kubwa za kuzungushia, na wavuvi wadogo nao wakaanza kuunganisha mitumbwi miwili na kuvua kwa nyavu za kuinua, wakitumia taa za karabai badala ya kuni. Miaka mingi baadaye vyombo vikubwa zaidi vya aina hiyo vikaja kuitwa "apollo", neno ambalo hadi leo linasemwa na mvuvi wa Kajaga bila ya kigugumizi. Anayekula ufukoni usiku usio na mwezi huona taa zimetapakaa ziwani kama mji wa pili. Mwezi ukiwa mpevu taa hupungua, kwa kuwa samaki hawafuati mwanga wa karabai penye mwanga wa bure, na kesho yake bei ya ndagala sokoni hupanda. Wapishi wa ufukoni wanaijua kalenda ya mwezi kuliko wengi wetu tunaoifundisha katika fasihi simulizi.

Tuseme kidogo juu ya mapishi, maana mtu asiyekula hawezi kuandika historia ya chakula. Mukeke hupasuliwa mgongoni, hutiwa chumvi na ndimu, huchomwa juu ya makaa, kisha humwagiwa vitunguu vilivyokaangwa kidogo pamoja na pilipili. Huliwa kwa ndizi za kukaanga au ugali wa muhogo, na mwenye adabu humla kwa mkono, kwa sababu uma hauwezi mifupa yake. Ndagala wabichi hukaangwa mpaka wakauke kabisa, wakaliwa wazima wazima, kichwa na yote, pembeni ya kinywaji. Waliokaushwa hupikwa kwa nyanya au kwa mawese, na mawese mazuri ni ya Rumonge. Sangala ndiye samaki wa wageni: minofu minene isiyo na mifupa, inayokubali mchuzi wowote. Bei yake humfanya awe wa wageni kweli. Giza likiingia, viboko hutoka majini na kula nyasi za bustani za hoteli, na mhudumu huwaomba wateja, kwa upole sana, wasogeze viti.

Meza hiyo haikuwa ya amani siku zote. Nchi hii ilikaa chini ya amri ya kutotoka nje usiku kuanzia mwaka 1972 hadi Aprili 2006. Saa zilibadilika kufuatana na hali ya usalama, lakini kwa miaka 34 hapakuwa na mtu aliyekaa ufukoni Bujumbura bila ya kuitazama saa. Katika vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku mara kwa mara, na ndagala huvuliwa usiku. Familia zilizoishi kwa kitoweo hicho zilibaki na lengalenga tupu. Meli za Wagiriki na warithi wao zilizidi kupungua, hata zikatoweka. Sisi tuliokulia miaka hiyo tunakumbuka samaki kama kitu kilicholetwa mchana, kwa haraka, na mama aliyekuwa akitazama nyuma yake.

Sasa turudi kwenye majina, maana ndiyo yaliyotufanya tuache chakula kipoe.

Samaki mdogo tunayemwita ndagala huitwa dagaa Kigoma, ndakala upande wa Kongo, na kapenta kule Mpulungu nchini Zambia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walichukua aina moja ya samaki hao kutoka Tanganyika wakaipandikiza Ziwa Kivu. Huko ikapewa jina la sambaza, ambalo wengi hulihusisha na kitenzi kusambaa, na leo mtu anayekula ufukoni Gisenyi, Kibuye au Bukavu huletewa sahani ya sambaza waliokaangwa, asijue kwamba anakula mhamiaji wa ziwa letu. Katika miaka ya 1960 samaki huyohuyo alipelekwa bwawa la Kariba, akaenda na jina lake la kapenta. Samaki mmoja, basi, ana majina matano au sita, na kila jina linaonyesha njia aliyopita.

Kinyume chake pia kipo. Jina moja limebeba samaki wengi. Dagaa wa Mwanza, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene, si sadini hata kidogo: yeye ni wa jamii nyingine kabisa ya samaki wa maji baridi. Dagaa wa pwani, wale wanaoanikwa juani Unguja na Bagamoyo, ni sadini na jamaa zao. Kwa hiyo, kwa mujibu wa wataalamu wa viumbe, ndagala wa Bujumbura ana undugu wa karibu zaidi na dagaa wa baharini kuliko alionao dagaa wa Mwanza. Tulipomwambia mgeni wetu jambo hili alipiga meza. "Haya basi! Wa Mwanza mmemkubali, huyu wa damu yangu mmemkatia alama."

Hoja yetu wakati huo, na tungali tunaiheshimu, ilikuwa hii. Mwanafunzi wa Burundi hujifunza Kiswahili ili aelewane na watu milioni nyingi wasioijua Rumonge. Tangu nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, anaweza kutafuta kazi Arusha au Nairobi, na huko akisema "ndagala" ataulizwa maana. Kazi ya mwalimu ni kumpa neno linalosafiri. Tena tulijua, ingawa hatukulisema mezani, kwamba mwalimu wa bara hujihisi yuko kwenye mizani kila anapokutana na mtu wa pwani. Tulipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa masomo ya uzamili tulichekwa mara kadhaa kwa maneno yetu ya nyumbani. Hatukutaka wanafunzi wetu wachekwe. Kwa hiyo tukawa wakali kuliko wenye lugha wenyewe.

Jibu la mgeni lilikuwa la kihistoria, na ndilo lililotukaa moyoni. Alituuliza samaki mkubwa wa Ziwa Viktoria anaitwaje kwa Kiswahili sanifu. Tukamjibu: sangara. Akatuuliza tena, mhudumu wenu amesema leo hakuna nini? Kwa kweli hatukuwa tumewahi kuyaweka maneno hayo mawili pamoja. Sangara wa Ziwa Viktoria alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawamaliza samaki wadogo wa ziwa lile kwa mamia ya aina. Yeye na sangala wetu ni wa jenasi moja. Jina "sangara" linaandikwa leo katika magazeti na vitabu vya shule, wala hakuna mwalimu anayelipigia mstari mwekundu, ilhali "sangala", jina la jamaa yake linalotofautiana kwa herufi moja tu, tunaliona la mtaani. Mwenye sauti sokoni, akasema mgeni wetu, ndiye anayeingia kwenye kamusi, na sangara ameingia kwa minofu iliyouzwa Ulaya.

Tunadhani alitia chumvi kidogo. Kamusi haziandikwi na wauza minofu, na kuna maneno mengi ya bara yaliyokubalika bila ya biashara kubwa nyuma yake. Lakini katika jambo moja hatukuweza kumpinga. Vitabu vya kufundishia tulivyovipokea kutoka pwani vinamtaka mtoto wa Nyanza-Lac ataje papa, nguru, kolekole na pweza, viumbe ambao huenda asiwaone maisha yake yote, kisha havimpi neno hata moja kwa samaki aliye katika sufuria ya mama yake. Mtoto huyo huhitimisha kwamba Kiswahili ni lugha ya mahali pengine. Kumbe babu wa babu yake alikuwa akiuza samaki kwa Kiswahili Ujiji au Rumonge kabla ya Wabelgiji kuiona nchi.

Na kuna jambo jingine linalotuharakisha. Samaki wenyewe wanapungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hivyo hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kimepungua. Ongeza idadi ya nyavu, ongeza wavuvi. Tanzania ililifunga ziwa kwa uvuvi kwa miezi 3 mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane. Mukeke, aliyekuwa kitoweo cha kawaida cha mfanyakazi wa Buyenzi, amekuwa chakula cha sherehe. Mwanafunzi wetu wa leo anamjua kwa jina zaidi kuliko kwa ladha. Tukilifuta jina nalo, tutakuwa tumembakizia nini?

Msimamo wetu sasa ni huu. Katika madarasa ya mwanzo tunafundisha dagaa, kwa sababu ndilo neno linalosafiri. Lakini anayeandika ndagala katika habari za Burundi hatumkati alama, mradi aeleze kwa msomaji asiyemjua ni samaki gani. Mukeke, mgebuka, kuhe na sangala tunawahesabu kuwa ni majina ya Kiswahili cha ziwani, kama vile ambavyo nguru ni jina la Kiswahili cha baharini. Kila mwaka tunawatuma wanafunzi kwa wavuvi na kwa wapishi wa migahawa wakusanye maneno ya kazi: sehemu za wavu, aina za moto, hatua za kuanika, jinsi ya kumpasua samaki. Mpishi mmoja mwanamke, aliyefanya kazi ufukoni tangu ujana wake, aliwapa vijana wetu maneno mengi mchana mmoja, akawauliza kwa mshangao kama kweli chuo kikuu hakiyajui. Baadhi ya wenzetu katika idara hawajakubaliana nasi, na wameahidi kutujibu katika toleo lijalo. Tunawakaribisha.

Yule binti alirudishiwa alama zake mbili. Hazikubadilisha daraja lake, lakini alikuja ofisini kuuliza kilichotokea, tukamweleza, naye akasema kwamba bibi yake huko Rumonge huwatofautisha ndagala kwa majina kadhaa zaidi kufuatana na umri na ukubwa wao. Tulimwomba atuandikie majina hayo. Aliyaandika kwenye karatasi ya daftari, nasi tunayo.

Mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuifunika barabara ya Gatumba na majumba mengi ya ufukoni, tulipita kuutazama ule mgahawa. Mahali zilipokuwa meza palikuwa na maji ya kufika kiunoni. Jiko lilikuwa limehamishiwa juu, kando ya barabara, chini ya turubai. Mhudumu alikuwa yuleyule, amenenepa kidogo. Karatasi ya vyakula ilikuwa imekwenda na maji, kwa hiyo alikuwa akitaja kwa mdomo tu. Mukeke hapakuwa. Ndagala walikuwapo.